Pampu Sita kwa Mkupuo Mmoja

Bhoke Magesa alipigiwa simu siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa amechuchumaa uani kwenye nyumba aliyopanga Ngokolo, mjini Shinyanga, anafua mashuka. Mpigaji alikuwa Mama Edward, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji ya vijiji vya upande wa Didia, mama ambaye hata akiwa na ugomvi nawe huanza kwa kuulizia afya ya wazazi. Aliwaulizia wazazi wa Bhoke kule Tarime, akaulizia na mvua za kwao, kisha ndipo akaeleza kwamba tangi la Shuleni limefurika, uwanja wa mpira umekuwa bwawa, bata wa watu wamekwisha hamia humo, na ng'ombe wa vijiji viwili wamepanga foleni golini wakinywa maji. Ile programu yake, alisema kwa upole, imeganda tena.

Bhoke aliyaacha mashuka kwenye beseni, akachukua begi la kompyuta.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi ya jumuiya ile ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu aanze kuandika programu kwa jina lake mwenyewe. Jumuiya ilikuwa na visima sita vyenye pampu za sola, vimetawanyika porini na vijijini, kimoja hapa, kingine mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Kwa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akizunguka kuwasha na kuzima ni mtu mmoja, Jilala, mwembamba, mwenye mashavu ya miguu magumu kama mbao kwa ajili ya kupiga pedali. Mwaka jana kila pampu ilifungiwa boksi la chuma lenye kompyuta ndogo na laini ya simu, na Bhoke akaandika programu ya ofisini. Jilala akawekwa kwenye kiti mbele ya kompyuta. Akibonyeza "Washa," programu ya ofisini inaiita ile iliyo kwenye boksi kule mbali, na ile ya mbali inafungua vali, inawasha mota, inangoja maji yafike tangini, kisha inarudisha jibu kwamba kazi imekamilika. Ilikuwa kama uchawi, watu walivyosema siku ya uzinduzi, mashine ya Didia kuiambia mashine ya kisima cha Mnadani la kufanya nayo ikafanya.

Ubaya ulikuwa katika huko kungoja. Programu ya Bhoke ilipoita pampu moja ilisimama palepale, haifanyi lingine lolote, mpaka ijibiwe. Pampu yenye kisima kifupi hujibu baada ya dakika nne, yenye kisima kirefu baada ya kumi. Na mtandao ukisumbua, basi kioo kizima kinaganda, vitufe havibonyezeki, na Jilala anabaki ameshika kipanya kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu sokoni. Asubuhi ile alikuwa ameiita pampu ya Bondeni. Bondeni haikujibu. Tangi la Shuleni, ambalo pampu yake alikuwa ameiwasha kwanza, likajaa, likamwagika, naye hakuweza kuizima kwa sababu programu ilikuwa bado inaisikilizia Bondeni.

Bhoke alijua tatizo liko wapi hata kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alipoandika programu ile chumbani kwake, zile pampu sita zote zilikuwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe, juu ya meza, na kila moja ilijibu kabla hajapepesa jicho. Alisoma kuhusu njia nyingine, ya kuita bila kusubiri, akaiona ni ndefu, na siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia. Akajiambia atairudia baadaye. Baadaye yenyewe ndiyo hii, na imekuja na bata.

Alimkuta Jilala ofisini, suruali imekunjwa hadi magotini, ametoka kuifunga vali ya Shuleni kwa mkono. Bhoke alimwamkia kwa heshima, akaanza kuomba msamaha. Mzee yule hakutaka kusikia msamaha. Alivuta kiti, akamkalisha, akazungumza naye taratibu kwa Kiswahili chake kilichojaa lafudhi ya Kisukuma, akimwita mama kwa lugha hiyo.

"Mayu, mimi nikimtuma mtu Mnadani, simfuati nyuma kumtazama mgongo. Namtuma, narudi shambani kwangu. Akirudi ataniambia alichokuta. Sasa hii mashine yako, kwa nini inanituma nikae hapa nimtazame mgongo?"

Bhoke alicheka, ingawa maneno yalimchoma. Akamjibu kwamba hilo ndilo alilolikwepa, na kwamba atalifanya.

Ndipo Jilala akaleta jambo lake lenyewe. Jumamosi hii alikuwa anamuaga binti yake Salome, mzaliwa wake wa kwanza, aliyechumbiwa na kijana wa Katoro aitwaye Deusdedit, fundi wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Wakwe wangefika asubuhi kutoka upande wa Geita, wageni wangekuwa mia tatu na ushee, na shughuli ingefanyika nyumbani kwake, Bondeni. Siku ya Jumamosi ndiyo siku vijiji vyote vinateka maji kwa wingi, kwa hiyo pampu hazilali. Hakukuwa na mtu mwingine aliyefundishwa kukaa kwenye kile kiti. Jilala alikuwa amepiga hesabu yake: akae ofisini hadi saa saba mchana, binti yake apokelewe na wakwe wakati baba yupo anatazama kioo. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mguu wake mmoja ni mfupi.

"Utakuwepo kwenye shughuli yako tangu mwanzo, Baba Salome," Bhoke alisema. Alipomaliza kusema ndipo alipohesabu kuwa amebakiwa na siku nne.

Hakurudi mjini. Mama Edward alimpa chumba cha mwanawe aliyekuwa masomoni, na meza ya ofisini ikagawanywa, nusu ya Jilala, nusu ya Bhoke. Aliifumua programu kama nguo iliyoshonwa vibaya. Safari hii, kila "Washa" ilipobonyezwa, ombi lilitoka, na programu ikabaki huru papo hapo kupokea ombi lingine. Pembeni aliandika sehemu ndogo ya kusikiliza tu, ambayo jibu likiwasili kutoka popote, saa yoyote, ndiyo inayoshtuka, inalipokea, inageuza taa ya pampu hiyo kutoka njano kuwa kijani, na kumpelekea Jilala ujumbe kwenye simu yake ya mkononi. Kwa maneno ilikuwa rahisi. Kwa vidole ilikuwa siku tatu za kuandika na kufuta, huku Jilala akimmiminia chai ya maziwa na kumlisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga mpaka taya zikachoka.

Jumatano jioni alijaribu kwa mara ya kwanza. Jilala akabonyeza pampu zote sita, moja baada ya nyingine, pa pa pa, na zote sita zikawaka njano kwa pamoja. Wakatazamana. Dakika nne baadaye taa ya Zahanati ikawa kijani na simu ya Jilala ikatetemeka. Bhoke alikuwa ameshainua mikono juu ya kichwa kushangilia alipoona mzee amekunja uso.

"Zahanati haiwezi," alisema Jilala. "Zahanati ni nzito, kisima chake kinakwenda chini kabisa. Haijawahi kuleta maji kwa dakika nne tangu ichimbwe."

Bhoke alimweleza kwamba mashine imesema hivyo. Jilala akasimama, akapanda baiskeli, akaenda kuangalia mwenyewe. Alirudi na habari: tangi la Zahanati kavu, linaloingia maji ni la Kanisani.

Ilimchukua Bhoke Alhamisi nzima kuelewa. Zamani, maombi yakienda moja moja, hapakuwa na shaka jibu ni la nani; uliuliza mmoja, akajibu huyohuyo. Sasa maombi sita yalikuwa njiani kwa wakati mmoja, majibu yakirudi kwa mpangilio wake yenyewe, la mwisho likitangulia la kwanza, na programu yake ilikuwa inalikabidhi jibu kwa pampu yoyote iliyokuwa inangoja. Angeipeleka Jumamosi hivyo hivyo, zahanati ingekaa bila maji huku taa ikiwaka kijani. Akaketi tena, akaliwekea kila ombi namba yake, na kuliamuru kila boksi kurudisha jibu likiwa na namba ileile ya ombi lililopokewa. Halafu akaongeza na jambo jingine. Ikiwa jibu limechelewa, programu italituma ombi tena kwa namba ileile, na boksi likiona namba ambayo limekwisha kuifanyia kazi halitawasha mara ya pili. Litarudisha tu jibu lake. Aliagiza pia kila boksi lizime pampu lenyewe tangi likijaa, na lipeleke ujumbe. Baada ya dakika arobaini za kimya, taa ingekuwa nyekundu.

Ijumaa mchana walijaribu mara tatu, na mara zote tatu majibu yalifikia mahali pake. Jilala alithibitisha kwa kuwapigia simu watu wa kila kijiji, maana hakuwa mtu wa kuamini taa peke yake. Mara ya nne alibonyeza sita zote, akabaki ameketi wima, mikono juu ya meza, kama alivyozoea.

Bhoke alimwambia asimame.

Alisimama. Akatembea hadi mlangoni, akageuka kutazama kioo. Bhoke akamwashiria aende. Akatoka nje, akasimama juani, akarudi kuchungulia dirishani. Mama Edward, aliyekuwa anapita na karai la mahindi, alimuuliza kama amefungiwa nje. Hatimaye alikwenda mpaka kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, na huko simu yake ikatetemeka: Shuleni tayari. Ikatetemeka tena: Mnadani tayari. Fundi viatu alisimulia baadaye kwamba hajapata kuona mtu mzima akiruka namna ile kwa sababu ya simu.

Jumamosi ikafika na jua lake zuri, lile la Agosti lisilo na wingu hata moja, ambalo pampu za sola hulipenda. Saa tatu kamili Jilala, ndani ya suti ya rangi ya kahawia iliyonunuliwa kwa ajili ya siku ile, alifungua ofisi, akabonyeza pampu sita, akafunga ofisi kwa ufunguo. Bhoke alimsubiri nje na pikipiki ya kukodi. Njia nzima ya kwenda Bondeni mzee alikuwa ameshika mfuko wa koti, na kila simu ilipotetemeka alimgonga Bhoke begani na kutaja jina la pampu. Kanisani. Shuleni. Mnadani. Mkuyuni. Walipokuwa wanaingia uani, Zahanati.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka ukang'aa. Turubai la bluu lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, spika zimeegemezwa kwenye ukuta, na kina mama wa jiko walikuwa wamepanga majiko saba ya mafiga nyuma ya nyumba. Salome alikuwa ndani akisukwa, na sauti yake ya kucheka ilisikika hadi barabarani. Wakwe waliwasili saa tatu na dakika ishirini kwa mabasi mawili madogo, wakiongozwa na shangazi yake Deusdedit, mwanamke mkubwa mchangamfu anayeuza samaki kule Nkome ziwani, aliyekuja na sato kwenye masanduku ya barafu hata yakatosha kulisha kijiji. Walipokelewa kwa vigelegele, na Jilala alikuwepo. Alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akawapa mikono mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake.

Lakini Bondeni haikuwa imejibu. Ni pampu ya palepale kijijini, ndiyo inayoleta maji kwenye bomba la jirani na jiko, na tangi lake lilikuwa tupu tangu jana yake. Bhoke alisogea pembeni, akaifungua kompyuta juu ya mapaja, akaiunganisha na ofisini kupitia simu yake. Taa tano za kijani. Moja ya njano. Ombi limetumwa mara ya pili, limetumwa mara ya tatu, kimya. Dakika thelathini na mbili. Thelathini na tano. Aliwaza akimbie ofisini akazime programu aianze upya, akawaza amwambie Jilala, akamtazama alivyokuwa anacheka na mkwewe, mkono juu ya bega lake, akashindwa. Taa ikawa nyekundu.

Akafunga kompyuta, akaenda jikoni kuwaambia kina mama watafute punda wa kuchota maji mbali. Alikuwa amekwisha panga maneno ya kujilaumu.

Jikoni hapakuwa na mtu anayesubiri maji. Mapipa manne yalikuwa yamejaa hadi mdomoni. Mwanamke mmoja alikuwa anaosha mchele kwenye sufuria kubwa, mwingine anamwagia maji sato waliokwisha parwa magamba, na wasichana wawili walikuwa wamerushiana maji kwa ndoo mpaka magauni yamelowa. Bomba lilikuwa linatiririka. Bhoke aliuliza maji yameanza kutoka lini. Paskazia, mke wa Jilala, mama wa Salome, alimjibu bila kuinua macho kwenye vitunguu kwamba yameanza zamani, hata kabla wakwe hawajafika, na kama hana kazi aje amenye viazi.

Bhoke alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka kina mama wakaacha kazi wakamtazama. Amri ilikuwa imefika saa tatu kamili, boksi lilikuwa limetii, mota ilikuwa imewaka na maji yamepanda. Kilichokwama ni jibu tu. Hapo akakumbuka kuwa laini iliyo kwenye boksi la Bondeni ni ya kampuni nyingine, si ile ya simu yake wala ya Jilala. Alipouliza, wasichana walimwambia mtandao ule umekatika asubuhi hiyo, mara tu baada ya saa tatu. Kazi ilikuwa imefanyika muda mrefu uliopita, na yeye alikuwa anaililia kwa sababu hajaambiwa.

Alimenya viazi. Alivimenya vyote.

Saa sita na robo Jilala alisimama kuzungumza. Alimshika binti yake mkono wa kulia, na Deusdedit akasimama upande wa pili akitokwa na jasho ndani ya suti na tai. Mzee hakuwa na maneno mengi. Alisema Salome alizaliwa mwaka ule kisima cha Mkuyuni kilipochimbwa, na kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akiondoka nyumbani kabla watoto hawajaamka ili watu wapate maji, na leo ni Jumamosi yake ya kwanza kuwa nyumbani mchana. Akakisogeza kipaza sauti karibu na kifua. Ndipo simu yake ikatetemeka ndani ya koti kwa nguvu hata kipaza sauti kikainasa. Akaitoa, akaisoma, akainua macho kumtafuta Bhoke kati ya watu.

"Bondeni tayari," alisema kwenye kipaza sauti.

Kina mama wa jiko, waliokuwa wamekwisha pika, kuosha vyombo mara ya kwanza na kunawisha watoto kwa maji hayohayo ya Bondeni, waliangua kicheko, na shangazi wa Nkome akapiga kigelegele bila kujua kwa nini. Jilala akairudisha simu mfukoni, akauweka mkono wa Salome ndani ya mkono wa Deusdedit, na ngoma zikaanza.

Walicheza hadi vumbi likawafikia kiunoni. Vijana wa Katoro walitaka muziki wa spika, wazee wa Bondeni wakataka ngoma, wakaafikiana kupokezana, na hakuna aliyekaa zamu ya mwenzake. Jilala alivua koti, akalitundika kwenye nguzo ya turubai pamoja na simu yake ndani, akaingia uwanjani kwa ile miguu yake migumu, akacheza nyimbo tano mfululizo. Mara mbili Bhoke aliliona koti likitikisika lenyewe, matangi yakijaa na pampu zikizimwa zenyewe kama zilivyoagizwa. Mwenye koti hakugeuka hata mara moja. Shangazi wa Nkome alimvuta Bhoke kwa mkono, akamuuliza yeye ni nani katika ukoo huu. Bhoke alisema yeye ni mtu wa pampu. Shangazi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama aliyeambiwa ni dada wa bibi harusi, akamwekea sato mzima kwenye sahani.

Jua lilipoanza kulegea Mama Edward alimtafutia usafiri wa kurudi mjini kwenye gari la mwanakwaya mmoja. Paskazia alimletea kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu, na mfuko wa michembe. Bhoke alijaribu kukataa kuku, akaambiwa kwao Tarime labda wanakataa, huku hawakatai.

"Wabeja, mayu," alisema Jilala dirishani, akimshukuru kwa Kisukuma, akihema, shati limemganda mgongoni.

Bhoke alimwambia Jumatatu atakuja kumfundisha mtu wa pili kazi ile, ili naye apate kwenda likizo. Jilala aliuliza likizo watu huwa wanakwenda wapi. Mwanakwaya akasema kama angekuwa yeye, angekwenda Geita kumtembelea Salome kabla hajaanza kulalamika, na Jilala akaona ni wazo zuri, akaanza pale pale kuulizia mabasi ya Katoro yanaondoka saa ngapi.

Gari lilipofika lami, kuku alitulia mapajani mwa Bhoke na kufumba macho. Naye akakumbuka kwamba mashuka yake yako kwenye beseni tangu Jumatatu.